Sultani Barghash na treni iliyozimika alipozikwa

Hapa Kharumwa hatuna reli. Mtu wa Nyang'hwale anayetaka kuiona treni hupanda gari hadi Isaka, Shinyanga au Mwanza. Wako wazee wetu ambao waliipanda mara moja tu maishani, wakienda Tabora au Dar es Salaam, na mpaka leo wanaisimulia safari ile.

Ukiuliza treni ya kwanza katika Afrika Mashariki ilipita wapi, wengi watakutajia Tanga, Mombasa au Dar es Salaam. Majibu hayo si sahihi. Treni ya kwanza ilikuwa kisiwani Unguja. Ilianza zaidi ya miaka 10 kabla Wajerumani hawajalaza reli Tanga. Mwenyewe alikuwa mtu mmoja, Sultani Barghash bin Said. Leo tunasimulia maisha yake, kwa sababu ukiyajua hayo utaelewa kwa nini treni ile ilikuja, kwa nini ilikufa, na sisi wa bara tunahusika vipi.

Kijana aliyekikosa kiti

Barghash alizaliwa mwaka 1837. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Zanzibar. Mama yake alikuwa mwanamke wa Kihabeshi. Seyyid Said alikuwa na watoto wengi kwa mama mbalimbali, na kama tunavyojua katika miji yetu, mzee mwenye mali akifariki bila mambo kukaa sawa, ugomvi huanza kabla ya arobaini.

Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki baharini akiwa safarini kutoka Oman kurudi Zanzibar. Barghash alikuwa naye melini. Walipofika Unguja, kijana huyo alimzika baba yake usiku, kimyakimya, akajaribu kushika madaraka kabla ndugu yake mkubwa Majid hajajipanga. Alishindwa. Majid akawa sultani.

Barghash hakukata tamaa. Mwaka 1859 alifanya uasi. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwa dada yake Salme, binti mdogo aliyejua kuandika, ambaye aliandika barua za siri kwa niaba ya kundi lile. Majid aliomba msaada wa Waingereza, askari wao wa majini wakaingia, uasi ukavunjika. Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, India, akakaa huko kwa takribani miaka miwili.

Bombay ulikuwa mji wa Waingereza wenye bandari kubwa na viwanda. Ulikuwa na treni tangu mwaka 1853. Kijana aliyetoka Unguja, mahali ambapo watu walisafiri kwa miguu, kwa punda au kwa jahazi, aliishi katika mji wenye gari linalokwenda kwa moshi. Aliporudi nyumbani alikaa kimya akisubiri. Majid alifariki mwezi Oktoba 1870, na Barghash akaketi kwenye kiti alichokitaka kwa miaka 14.

Miaka migumu ya mwanzo

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja. Mikarafuu mingi iling'oka na meli za sultani zikavunjika bandarini. Karafuu ndiyo iliyokuwa uchumi wa kisiwa, na mti wa karafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri. Ilikuwa sawa na mkulima wa kwetu kupoteza pamba yote shambani na ng'ombe wote zizini kwa siku moja.

Mwaka uliofuata Waingereza walimtaka asaini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Barghash alikataa. Utajiri wa Zanzibar ulisimama juu ya jasho la watumwa, wengi wao wakitoka bara: walilima mashamba ya karafuu, na wengine walipakiwa majahazini kupelekwa Arabuni. Balozi wa Uingereza, John Kirk, alimwambia wazi kwamba asiposaini, meli za kivita zingekizingira kisiwa. Mwezi Juni 1873 alisaini, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Mahali pale leo pana kanisa kuu la Anglikana.

Hatuna sababu ya kumpamba Barghash katika jambo hili. Alilikubali kwa kulazimishwa, na utumwa wenyewe uliendelea mashambani Unguja na Pemba hata baada ya yeye kufa.

Pesa zilitoka mabegani mwa watu wa bara

Hapo ndipo sisi tunapoingia kwenye hadithi hii. Mapato ya sultani yalitokana hasa na ushuru wa forodha, na bidhaa kubwa iliyopita forodhani, mbali na karafuu, ilikuwa pembe za ndovu. Pembe hizo zilitoka huku bara. Hazikuletwa na lori wala treni. Zilibebwa mabegani na wapagazi.

Wapagazi waliosifika kuliko wote walikuwa Wanyamwezi, na pamoja nao Wasukuma na Wasumbwa, yaani watu wa upande wetu huu. Safari kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800, na msafara ulichukua miezi. Wanaume waliondoka baada ya mavuno, wakabeba pembe na mizigo mingine hadi pwani, wakarudi na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Wengine hawakurudi. Njia ile ilikuwa na njaa, ndui na vita, na katika miaka ya 1871 hadi 1875 Mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora, biashara ikayumba mpaka Barghash akalazimika kutuma askari.

Kwa hiyo ukisikia kwamba sultani alinunua meli, akajenga majumba na kuleta treni, fahamu kwamba sehemu ya fedha zile ilipita juu ya mabega ya watu waliotoka Unyamwezi na Usukuma. Treni ya kwanza ya Afrika Mashariki ililipiwa, kwa sehemu, na watu waliotembea kwa miguu.

Treni ya Chukwani

Mwaka 1875 Barghash alialikwa Uingereza. Alionana na Malkia Victoria, akatembezwa London na miji ya viwanda kama Manchester. Aliona mitambo, taa, maji ya bomba, na treni nyingi kuliko zile za Bombay. Aliporudi alikuwa mtu mwenye haraka.

Alikuwa na jumba la mapumziko Chukwani, kusini mwa mji wa Zanzibar, karibu na bahari, mahali penye hewa nzuri. Kutoka kasri lake la mjini hadi pale ni kama maili 7, yaani kilomita 11 hivi. Karibu mwaka 1879 aliamuru reli ilazwe kutoka mjini hadi Chukwani.

Mwanzo reli hiyo haikuwa na injini. Ilikuwa na mabehewa mawili ya kifahari, yakivutwa na nyumbu. Hapa hatusemi nyumbu wa Serengeti. Tunasema yule mnyama anayezaliwa na punda dume na farasi jike, mwenye nguvu na mvumilivu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 sultani aliagiza kichwa cha treni kidogo cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Kilipofika, mlio wa gari la moshi ukasikika Unguja kabla haujasikika popote pengine katika Afrika Mashariki. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ile ya Mombasa mwaka 1896, na ya Dar es Salaam mwaka 1905.

Lakini treni hii haikuwa ya wananchi. Ilikuwa ya sultani na watu wa jumba lake. Mkulima mwenye gunia la nazi hakupanda, wala mvuvi hakupakia samaki wake. Ilimtoa mtu mmoja nyumbani kwake ikampeleka kwenye nyumba yake nyingine.

Maji ya Bububu

Ingekuwa si haki kumhukumu Barghash kwa treni peke yake. Mji wa Zanzibar wakati ule ulitegemea visima na maji ya mvua, na kipindupindu kilikuwa kimeua watu wengi sana mwishoni mwa miaka ya 1860, muda mfupi kabla hajatawala. Alijenga mfereji na mabomba ya kuleta maji safi mjini kutoka kwenye chemchemi za upande wa Bububu, kaskazini mwa mji.

Jambo hilo sisi tunaolijua shida ya maji hatuhitaji kuelezwa uzito wake. Mama aliyekuwa akiteka maji kisimani sasa aliyapata mjini. Maji hayo hayakuchagua tajiri wala maskini. Na baada ya sultani kufa, maji yaliendelea kutiririka.

Alileta pia mashine ya kupiga chapa, akajenga jumba la Marhubi, na mwaka 1883 akakamilisha Beit al-Ajaib, jumba refu mbele ya bahari. Baadaye jumba hilo liliwekwa taa za umeme na lifti, ndiyo maana watu wakaliita jumba la maajabu. Alinunua meli za mvuke badala ya zile zilizovunjwa na kimbunga.

Bara lilivyomtoka mikononi

Wakati treni yake ikienda na kurudi Chukwani, mambo makubwa yalikuwa yakitokea bara. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Karl Peters alipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye karatasi walizoambiwa ni za urafiki. Mwezi Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatangaza kwamba nchi hizo ziko chini ya ulinzi wake.

Barghash alipinga. Aliamini bara ni eneo lake la biashara tangu enzi za baba yake. Mwezi Agosti 1885 meli za kivita za Ujerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake na kuelekeza mizinga. Pamoja na meli hizo alikuja dada yake Salme, yule yule aliyemwandikia barua za uasi mwaka 1859. Alikuwa ameondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akawa mjane. Barghash hakukubali kumpokea.

Aliwategemea Waingereza wamsaidie. Hawakumsaidia. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani waligawana. Walichora mstari kutoka mdomo wa mto Umba pwani hadi ziwa Victoria: kaskazini Waingereza, kusini Wajerumani. Sultani aliachiwa visiwa, ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na miji kadhaa ya Benadiri. Unyamwezi, Usukuma, Uzinza na nchi yote hii tunayoishi iligawiwa bila mtu hata mmoja wa huku kuulizwa.

Kifo, na reli kung'olewa

Miaka yake ya mwisho Barghash alikuwa mgonjwa na mwenye huzuni. Mwanzoni mwa 1888 alikwenda Oman kutafuta nafuu kwenye chemchemi za maji ya moto. Alirudi Zanzibar mwezi Machi mwaka huo, na saa chache baada ya kufika akafariki. Ndugu yake Khalifa akarithi kiti.

Treni haikudumu baada yake. Reli ya Chukwani iling'olewa, na kichwa chake cha mvuke kikawa chuma chakavu. Hapakuwa na abiria wa kulalamika, kwa kuwa abiria wake mkuu alikuwa kaburini. Hakuna soko lililokosa bidhaa wala kijiji kilichokosa usafiri.

Treni ya pili, hii ya watu

Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani iitwayo Arnold Cheney ilijenga reli nyingine Unguja, nayo ya maili 7, lakini safari hii kuelekea kaskazini. Ilianzia karibu na Ngome Kongwe mjini, ambayo ilitumika kama karakana ya reli, ikapita katika mitaa myembamba ikigusana karibu na kuta za nyumba, ikaenda kando ya bahari hadi Bububu, upande ule ule Barghash alikotoa maji.

Katika njia hiyo kuna mahali paitwapo Beit el Ras. Seyyid Said, baba yake Barghash, alikuwa ameanza kujenga jumba kubwa pale, akafa kabla halijakamilika. Mawe mengi ya jumba lile yalichukuliwa kujengea reli ya Bububu. Jumba la mfalme likawa msingi wa njia ya watu wa kawaida.

Treni ya Bububu ilikuwa tofauti na ya Chukwani. Ilibeba wakazi wa mashamba wanaokwenda mjini na kurudi. Palikuwa na behewa la daraja la kwanza kwa wageni wanaoshuka melini kwa saa chache kutembea kisiwani. Wakazi wa mjini walilalamikia moshi na cheche zilizoruka karibu na madirisha yao, lakini watu wa Bububu walikuwa na usafiri wa kila siku.

Watu wengi husema jina Bububu limetokana na mlio wa treni hiyo. Ni hadithi tamu lakini haiwezi kuwa kweli. Salme, yule dada yake Barghash, aliitaja Bububu katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1886, karibu miaka 20 kabla ya treni kufika huko. Wengine hulihusisha jina hilo na sauti ya maji yanayobubujika chemchemini.

Mwaka 1911 serikali ya Waingereza iliinunua reli ile. Baadaye barabara zikatengenezwa, motokaa zikaongezeka, na motokaa ilimfikisha mtu mlangoni kwake wakati treni ilimshusha stesheni tu. Abiria walipungua. Katika miaka ya 1920 treni ikaacha kubeba watu, ikabaki kusomba mawe, kisha ikafungwa kabisa. Tangu hapo Unguja haijawa na treni.

Ilipokuwa ikififia Unguja, treni ilikuwa ikitusogelea sisi. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora hadi Mwanza ilikamilika ikipitia Shinyanga. Pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda bandarini bila bega la mpagazi. Reli ile ipo hadi leo, na kando yake sasa inajengwa reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka.

Kilichobaki

Ukienda Unguja leo, usitafute stesheni ya Chukwani. Utakuta Baraza la Wawakilishi lina jengo lake eneo hilo, na magari yanakwenda na kurudi. Jumba la Marhubi liliungua mwaka 1899, zimebaki nguzo na kuta. Beit al-Ajaib ilinusurika mizinga ya Waingereza mwaka 1896, lakini sehemu yake iliporomoka mwezi Desemba 2020.

Reli ya Bububu imeacha alama zaidi kidogo. Ukipanda daladala kutoka mjini kwenda Bububu na kuangalia vizuri kando ya barabara, unaweza kuona mabaki ya madaraja na matuta ambayo treni ilipita juu yake. Wengi wanaopita pale hawajui ni ya nini.

Tumeisimulia habari hii kwa sababu na sisi tunazungumza sana kuhusu reli, barabara na maji katika wilaya yetu. Tunasikia ahadi, tunaona ramani, tunapiga hesabu. Tanzania imewahi kung'oa reli hata upande wa bara: ile ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu karanga zilizotegemewa hazikupatikana.

Barghash alijenga vitu vingi kwa miaka 18 ya utawala wake. Treni yake ilikuwa ya ajabu kuliko vyote na iliwahi kuja kuliko zote, na ilikufa pamoja naye. Mfereji wake wa maji haukuwa wa ajabu, ila kila asubuhi palikuwa na watu wenye ndoo wanaousubiri, na hao ndio waliohakikisha haukauki alipoondoka. Kwa hiyo tunaposikia mradi mpya unakuja Nyang'hwale, pamoja na kuuliza utagharimu kiasi gani, tuulize pia ni nani ataamka asubuhi akiuhitaji siku aliyeuleta hayupo tena.